Chumvi Kwenye Ndoo za Nelba

Asubuhi ya Jumatano, wiki ya tano tangu mimea ianze kuchanua, Nelba Iriarte aliinama kwenye ndoo ya kwanza na kuona ncha za majani zimekuwa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Akaenda ndoo ya pili. Vilevile. Ya tatu, ya nne, mpaka ya ishirini, mstari mzima wa kushoto. Akageuka kutazama mstari wa kulia, wa Waldemar. Kule majani yalikuwa ya kijani tulivu, na maua yamejaa yakanona.

"Haya," alijisemea. "Tumeanza."

Chumba kile zamani kilikuwa karakana ya viatu ya marehemu mumewe, nyuma ya nyumba yao mtaa wa La Teja, Montevideo. Mzee alipofariki, Nelba na majirani wakafungua klabu ya bangi, wakaiandikisha serikalini kama inavyotaka sheria ya huko, ambako bangi inaruhusiwa. Wanachama walikuwa thelathini na mmoja, wengi wao watu wazima wenye maumivu yao: huyu mgongo, yule usingizi, mwingine vidole. Mkulima alikuwa Nelba, Doña Nelba kama walivyomwita kwa heshima, na mbolea aliyoijua ni ile aliyofundishwa na mumewe, ya chenga. Unaichanganya na udongo mwanzoni, mimea ikianza kuchanua unaongeza konzi moja juu ya udongo, basi. Kila ukimwagilia inayeyuka kidogo, na mmea unajilia taratibu.

Magoti yalipoanza kumsumbua, wanachama walimletea msaidizi, Waldemar Píriz, mtu wa mji wa Salto aliyekaa miaka ishirini kwenye mabanda ya nyanya. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia ya kutabasamu pasipo kichekesho. Mwezi haukwisha akasimama mkutanoni kusema chenga ni za shamba la nje. Ndani ya nyumba, chini ya taa, mmea unaochanua unataka mbolea ya maji.

"Chenga ni kumwachia mtoto sufuria nzima mezani na kuondoka," alisema. "Mimi napika kila mlo. Nikiona mmea umeshiba, kesho nampa maji matupu. Wewe Doña Nelba, chenga zako zikishaingia kwenye udongo, utazitoaje?"

"Za nini kuzitoa? Hazijawahi kunigombeza," Nelba alijibu. "Na siku ukilala na homa, bwana mpishi, mimea yako itakula nini? Itakuandikia barua?"

Watu walicheka, wakakata shauri: chumba kigawanywe. Ndoo ishirini za chenga, ishirini za maji, na mavuno yataamua nani awe mkulima mkuu. Nelba hakulala vizuri siku ile. Karakana ni ya mume wake, sasa anashindanishwa ndani yake na mtu wa nyanya.

Ndiyo maana, alipoziona zile ncha zilizoungua, moyo wake haukwenda kwenye chenga. Ulikwenda moja kwa moja kwa Waldemar. Ncha kuungua ni dalili ya mbolea kuzidi, na yeye alikuwa ameweka kipimo kilekile cha miaka yote. Akatega kikombe chini ya ndoo kupata maji yanayochuruzika, akatia kipimo chake cha chumvi, kinachoonyesha mbolea iliyomo. Kwa kawaida kilisoma mbili na nusu. Siku ile kilisoma nne na ushee.

Alimwonyesha Waldemar. Yule bwana akachutama, akashika jani, akalitazama kwa muda mrefu.

"Nilisema," alisema. "Chenga hazina breki."

"Miaka saba zilikuwa na breki. Zimekatika ulipokuja wewe?"

Akatabasamu tabasamu lake lile. "Labda joto limezidi, zikayeyuka haraka. Ni ndoo zako, Doña Nelba. Mimi sizigusi."

Nani alimuuliza kama anazigusa? Neno hilo lilimkaa Nelba kooni kama mwiba wa samaki. Funguo za chumba zilikuwa mbili tu: mmoja mfukoni mwa Waldemar, mmoja kwenye msumari jikoni kwa Nelba. Na jikoni kwa Nelba hapakuwa na mtu ila Doña Ledys, mama wa marehemu mumewe, mshonaji mstaafu wa miaka sabini na tisa ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Kizee kile kilikuwa kikipakwa mafuta ya bangi mikononi kila asubuhi ili kiweze kushika kikombe.

Nelba akaanza kupeleleza. Waldemar alilisha mimea yake Jumatatu na Alhamisi, kwa mbolea ya chupa kubwa iliyokaa mle chumbani, maji mekundu ya kuiva kama mvinyo, akiipima kwa kofia ya chupa. Jumatatu jioni, Waldemar alipoondoka, Nelba alibandika kipande kidogo cha plasta nyuma ya chupa, sawasawa na mahali maji yalipofika. Jumanne akaenda gulioni, kama desturi yake ya kila Jumanne na Ijumaa. Jumatano asubuhi maji yalikuwa chini ya plasta kwa upana wa vidole viwili, na kipimo kwenye ndoo zake kilisoma tano.

Jumamosi ilinyesha. Wanachama walijibana sebuleni, kibuyu cha mate, chai chungu ya kwao, kikizunguka mkono kwa mkono, na Doña Ledys jikoni akiwakaangia maandazi ya siku za mvua. Nelba akasimama, akaweka chupa mezani, akaeleza habari ya plasta, ya kipimo, ya funguo mbili.

"Sitaki kumtaja mtu," alimaliza. "Funguo ni mbili, na wangu ninao mimi."

"Si ndiyo umenitaja," alisema Waldemar.

"Basi jitetee."

Waldemar aliutazama mlango wa jikoni, akamtazama Nelba. Halafu akatoa ufunguo, akauweka kando ya chupa, akachukua koti lake na kutoka mvuani. Jikoni mafuta yalikuwa yakiungua, maana Doña Ledys alikuwa amesimama na mwiko mkononi bila kugeuza chochote.

Wanachama walimwachia Nelba mistari yote miwili. Jumatatu aliilisha mimea ya Waldemar kama alivyokuwa akimwona akifanya, akamwagilia ya kwake maji matupu ili kuosha chumvi, akabandika plasta mpya kwenye chupa. Alifanya hivyo kwa mazoea tu, maana aliyemshuku ameshaondoka. Jumanne akaenda gulioni, akarudi na maboga. Akapita chumbani kuzima feni.

Maji yalikuwa yameshuka tena.

Nelba alikaa juu ya ndoo tupu. Funguo zote mbili sasa zilikuwa kwake. Akawaza dirisha, lina nondo. Akawaza kama Waldemar alichonga ufunguo wa tatu, na wazo hilo akalishika kwa nguvu siku tatu nzima, kwa kuwa lililobaki hakutaka kulitazama.

Siku ya gulio iliyofuata, Ijumaa, alichukua kikapu, akaaga, akafika kona ya barabara, akasubiri muda wa kuvuta sigara moja, akarudi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Doña Ledys alikuwa ameshika jagi la jikoni kwa mikono yote miwili, akimimina polepole kwenye ndoo ya tisa, akiongea na mmea kwa sauti ya chini: "Kunywa, baba, kunywa, usimwangushe."

"Mama."

Bibi hakushtuka. Aliweka jagi chini kwanza, maana lilikuwa zito.

"Yake yalikuwa mazuri kuliko yako, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nayaona. Nikasema, ukishindwa watakutoa humu, na humu ndimo marehemu mwanangu alimokaa maisha yake yote. Nikaipa mimea yako kidogo katika ile chupa yake. Kofia tatu kwa jagi."

"Kofia tatu? Yeye anatia moja, na ndoo zake hazina chenga. Mama, unaniunguzia."

"Sasa mimi nitajuaje? Nilishona suruali miaka hamsini." Machozi yalianza kumtoka. "Jumamosi nilitaka kusema. Ulimi ulikataa. Watu walikuwa wengi."

Nelba alimketisha, akamfuta mikono iliyolowa. Hasira ilimjia, ikakosa pa kukaa.

Alasiri alitembea hadi chumba alichopanga Waldemar, karibu na kiwanda cha kusafisha mafuta. Alimkuta mlangoni akichonga kijiti. Nelba akasema yote akiwa amesimama, bila kuzunguka, na mwisho akasema, "Nilikukosea mbele za watu, nitakuomba radhi mbele za watu."

Waldemar aliendelea kuchonga.

"Nilimwona," alisema.

"Nani?"

"Bibi. Kabla hata ncha hazijaungua. Nilirudi kuchukua mkasi, nikamwona na jagi. Nikarudi nyuma kimyakimya."

"Ukanyamaza."

"Nilijiambia namsitiri mzee." Akapuliza vumbi la mti. "Lakini pia nilikuwa nashinda, Doña Nelba. Usidhani sikulifikiria hilo."

Nelba hakujua acheke au ampige na kikapu. Njia nzima alikuwa akijilaumu kwa kumshuku mtu safi, kumbe alikuwa amemshuku mtu sahihi kwa kosa lisilo lake.

Kesho yake mkutanoni alisimama akaomba radhi. Hakumtaja Ledys, alisema tu kosa lilitoka nyumbani kwake. Ndipo bibi alipotoka jikoni na kusema, "Ni mimi niliyemwaga," akaeleza hadi kofia tatu. Mzee mmoja akamwambia, "Doña Ledys, njoo unimwagilie na mimi mgongo huu," na sebule ikalegea. Nelba alimtazama Waldemar, akimpa nafasi ya kusema aliloliona. Waldemar alivuta chai yake ya mate mpaka kibuyu kikalia, akakirudisha kwa mwenye birika.

Walizikwangua chenga zilizobaki juu ya udongo, wakaosha ndoo ishirini kwa maji matupu mara tatu. Mavuno ya Nelba yalipungua kwa theluthi, na maua yakawa makali kooni. Ya Waldemar yalitoka vizuri. Msimu uliofuata walikubaliana: chenga nusu ya kipimo kwenye udongo mwanzoni, na mbolea ya maji, kofia moja, kuanzia wiki ya tatu ya maua. Mkulima mkuu hakuchaguliwa. Waldemar alirudishiwa ufunguo.

"Umemsamehe?" Doña Ledys aliuliza siku moja, Nelba akimpaka mafuta vidoleni.

"Nimemrudishia kazi, mama," alisema Nelba. "Lete mkono wa pili."