Kompyuta Iliyocheua

Saa nne asubuhi, baridi ya Sumbawanga ikiwa bado imeng'ang'ania madirishani, Hellena alimaliza kuchapa barua ya pekee ya siku hiyo, akaiacha kompyuta ikiwaka. Ndiyo amri ya meneja, Bwana Flavian: mashine isizimwe, wageni wa soko huria wakipita waone samaki wa rangi wakiogelea kwenye kioo. Kwamba samaki hao nao walikula umeme, halikumhusu.

Hellena lilimhusu. Ofisi na zahanati ya jirani zilitumia waya mmoja, na huko zahanati, ndani ya sanduku la mbao lenye balbu, alilazwa mtoto njiti wa Bertilla, mdogo wake Hellena. Kompyuta ilikesha macho bila kazi, balbu ikafifia, mtoto akapoa. Hellena alikuwa na hofu.

Kashinje, mlinzi, Msukuma aliyehamia bondeni Muze na ng'ombe wa baba yake, aliingia kuota joto. Akatega sikio kwenye mashine.

"Dada Hellena, hii haifanyi kazi. Inacheua."

"Inacheua nini?"

"Umeme. Imesimama tu, hakuna aliyeiambia ilale. Ya namna hii hainenepi, na malisho ya wenzake inamaliza."

Akaipapasa, akapiga mluzi wa taratibu, ule wa zizini. Kompyuta ikashusha pumzi. Ikakunja miguu minne, ikajilaza juu ya meza, samaki wakatoweka. Hellena akasogeza kikombe chake cha chai, mkia usije ukakimwaga.

Punde Mkunga Otilia wa zahanati akachungulia dirishani.

"Shikamoo, mama," alisema Hellena.

"Marahaba. Mmefanya nini humu? Mtoto kapata joto, analia hadi padri kasikia!"

Hellena akacheka huku machozi yakimtoka.

Tangu hapo ikawa kawaida. Barua ikija, Hellena aliigusa kompyuta ikainuka; karatasi zilitoka zikinukia majani mabichi, na hakuna aliyezirudisha. Kazi ikiisha, mluzi. Mwezi ulipokwisha, Bertilla akambeba mwanawe mgongoni, wakarudi kijijini kwao Kaengesa.

Siku moja Bwana Flavian akaikuta imelala. Kuhusu miguu hakuuliza. Aliuliza samaki wako wapi.

"Ikilala, mzee, umeme unabaki," alisema Kashinje.

"Unabaki?" Meneja alifurahi kweli. "Kumbe unatosha kuwasha ya pili!"

Ya pili ililetwa Jumatatu, yenye samaki wakubwa zaidi, ikawekwa mlangoni. Mtu wa kuitumia hakuwepo. Hellena aliipigia mluzi mpaka midomo ikakauka, isilale.

"Hii ni ndama," alisema Kashinje. "Hailali mbali na mama yake."

Sandukuni, kule zahanati, kulikuwa na mtoto mwingine. Basi kila asubuhi Hellena na Kashinje walizisogeza meza zikagusana, mashine zote mbili zikalala. Na kila asubuhi Bwana Flavian alifika, akasalimia vizuri, akamrudisha ndama mlangoni.