Picha ya Mama Kaneza

Mwalimu Aikande alipoingia kidato cha tatu asubuhi ile, hakuna aliyesimama kumwamkia. Darasa zima lilikuwa limerundikana kwenye dawati la nyuma, vichwa vimegusana, na katikati ya vichwa hivyo palikuwa na mwanga wa simu. Simu zilikuwa marufuku pale shuleni Gungu, lakini watoto walijua kuzificha hata ndani ya soksi.

"Shikamoo mwalimu!" walishtuka, wakatawanyika kama dagaa taa inapozimwa.

Mmoja hakutawanyika. Kaneza, msichana wa Kirundi aliyekuwa na wiki chache tu darasani humo, alibaki amesimama na simu isiyo yake mkononi.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

Ulikuwa mwezi wa Mei, mwaka 2015. Meli ilikuwa ikienda Kagunga na kurudi Kigoma imejaa Warundi waliokimbia kwao, na uwanja wa mpira mjini ulikuwa umegeuka mahali pa kupumzikia watu kabla ya kupandishwa mabasi ya kambini Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimezuka, na mji ulikuwa na hofu. Kaneza alitangulia mwezi wa Aprili, akapokelewa na mjomba wake Oswald, fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga hapo mjini. Mama yake alibaki nyuma kumuuguza bibi. Tangu hapo, kimya. Binti alikuwa akilala na kuamka bila kujua kama mama yu hai.

Sasa alikuwa amemwona. Katika picha, mwanamke alilala chini kando ya uzio wa uwanja, mdomo wazi, mguu mmoja umetoka nje ya kitenge, nzi wametua usoni. Chini ya picha palikuwa pameandikwa: "Kipindupindu kimeshuka melini. Ukiwaona hawa, kimbia. Tuma kwa wote uwapendao."

Mwalimu Aikande hakuuliza simu ni ya nani. Alimwachia kiranja darasa, akamshika Kaneza mkono, wakatoka hadi barabarani wakachukua bodaboda.

Walimkuta mama uwanjani, amekaa, kaegemea mzigo wake. Miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama na kubanwa safarini, macho yameingia ndani, lakini alikuwa mzima. Kaneza alimwangukia, na wote wawili wakabaki hivyo, wanalia tu. Aikande alizaliwa milimani huko Same, na Kigoma alikuja kwa barua ya uhamisho, akinung'unika njia nzima. Siku hiyo alisimama juani akilia na watu asiowajua, na hakukumbuka kunung'unika.

"Hana kipindupindu," alisema Leonardi, bwana afya aliyekuwa zamu pale. "Nimempima mwenyewe. Ni uchovu na njaa. Akae kwa ndugu zake siku chache apate nguvu, ndipo aende Nyarugusu."

Wakamchukua taratibu hadi Mwanga, nyumbani alikopanga Oswald. Mlangoni walimkuta mama mwenye nyumba amesimama katikati, simu mkononi. Picha ilikuwa imefika kabla yao. Alikuwa ametumiwa na dada yake aliyekuwa Kasulu.

"Huyu haingii humu," alisema. "Mimi nina wajukuu."

Oswald aliomba, Kaneza alipiga magoti, mwanamke hakusogea. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa anaogopa, na hofu yake alikuwa ameishika mkononi, ina picha na maandishi. Mwisho Aikande akasema, "Twendeni kwangu." Mama Kaneza akalala Gungu, kwenye kitanda cha mwalimu.

Kesho yake asubuhi, mkuu wa shule, Mwalimu Gervasi, alikuwa mbele ya mstari na gunia la simu miguuni. Alikuwa amezikusanya zote, na chupa ya mafuta ya taa ilikuwa tayari. Habari za Mwanga zilikuwa zimemfikia, na aibu ilikuwa imemkaba.

"Nitazichoma mbele yenu!" alifoka.

Aikande alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mkuu, naomba nafasi. Ukizichoma hizi, jioni watashika za kaka zao. Wataendelea na yale yale, ila sisi hatutajua."

"Wewe unataka niwabembeleze?"

"Nataka waone walichokifanya. Nipe mpaka Ijumaa."

Gervasi alikuwa Muha wa zamani, mwalimu wa fimbo na chaki, na maneno ya kubembelezana hayakuwa yake. Lakini alifunga kizibo cha chupa, akamsukumia gunia. "Ijumaa," alisema. "Si zaidi."

Darasani Aikande hakuhubiri. Alichora duara katikati ya ubao, akaandika ndani yake neno "picha." Kisha akamwita mwanafunzi mmoja mmoja. "Wewe uliipata kwa nani? Ukamtumia nani?" Kila aliyejibu alichora mstari wake. Pastory alimtumia shangazi yake Ujiji. Marcelina aliipeleka kwenye kundi la kwaya. Adolf alimtumia kaka yake aliyekuwa Dar es Salaam, na kaka, ikaja kujulikana, akawatumia rafiki zake Bujumbura kwenyewe. Mistari ikazidi, ikakatana, ikafika pembeni mwa ubao, na chaki ikaanza kuandika ukutani. Mwanzoni walikuwa wakicheka. Ilipofika ukutani hakuna aliyecheka.

Duara la katikati tu ndilo lilibaki bila jina la mtu. Macho yote yakaelekea dawati la mbele.

Shadia alisimama. Alikuwa binti wa Ujiji, wa kwanza darasani tangu kidato cha kwanza, mwepesi wa ulimi na mwepesi zaidi wa vidole. Kundi la WhatsApp la darasa alilianzisha yeye, na simu yake, zawadi ya kaka yake, ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote.

"Ni mimi, mwalimu. Nilipita uwanjani Jumapili nikampiga picha. Na maneno niliandika mimi."

"Nani alikuambia ana kipindupindu?"

"Hakuna. Nilimwona amelala tu."

"Basi ifute."

"Nimeshaifuta, mwalimu. Tangu jana." Akageuka kuutazama ubao, akaifuata ile mistari kwa macho mpaka ilipoishia ukutani. "Kwangu imefutika," alisema, kisha akafunika uso kwa mikono yake.

Aikande alitaka kumkumbatia, akajizuia. Aliona ni afadhali mtoto abaki na uzito huo kidogo, aujue.

Baada ya vipindi Shadia alimfuata mwenyewe. "Naomba unipeleke kwake."

Mama Kaneza alikuwa ameketi barazani kwa mwalimu, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, binti yake kando. Shadia alipiga magoti. "Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyekupiga picha ile. Naomba unisamehe."

Kaneza aligeuza uso pembeni. Kiswahili cha mama kilikuwa cha polepole, kimechanganyika na Kirundi.

"Mwanangu," alisema, "nyumba niliacha. Ng'ombe niliacha. Mama yangu nilimzika, siku ya pili nikatembea. Kitu kimoja nilibaki nacho, ni heshima. Wewe uliichukua nikiwa nimelala."

Shadia aliinamisha kichwa hadi karibu kugusa sakafu.

"Sasa irudishe. Nipige tena. Lakini nipige nikijua."

Akaomba maji, akanawa uso. Akaomba kitana. Kutoka kwenye mzigo wake akatoa kitenge cha rangi ya zambarau, akajifunga vizuri begani kama wavaavyo wanawake wa kwao siku ya harusi, akaketi wima, shingo ndefu, macho mbele. Kaneza, ambaye alikuwa amegeuka pembeni, ndiye aliyemnyooshea mama yake kitenge kilipokunjika. Aikande akaitoa guniani simu ya Shadia. Shadia alipiga, akamwonyesha. Mama akatikisa kichwa. Akapiga nyingine. "Hii," alisema mama.

"Niandike nini, mama?"

"Andika: Jina langu ni Spesiyoza. Ninafundisha watoto wadogo kusoma. Bwana afya amenipima, sina kipindupindu. Nimekuja kumtafuta mwanangu, nimempata. Amahoro, yaani amani."

Shadia aliandika, akamsomea. Akampigia Leonardi simu kuuliza kama naye anakubali kutajwa. Ndipo akatuma kwenye kundi la darasa. Kesho yake kila mwanafunzi wa kidato cha tatu, akisimamiwa na Aikande, aliichukua simu yake guniani na kuituma picha hiyo kwa njia ile ile aliyopitishia ya kwanza, akiongeza maneno ya kwake mwenyewe. Pastory aliandika, "Shangazi, ile ya juzi niliituma bila kujua. Hii nimehakikisha." Wengine walijibiwa kwa matusi. Wengine hawakujibiwa kabisa. Picha ya kwanza haikuisha njiani, na Aikande hakuwaficha hilo.

Lakini Alhamisi jioni mwanamke alibisha hodi Gungu, amebeba chupa ya uji na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa mama mwenye nyumba wa Mwanga.

"Nimekuja kumchukua mgeni wangu," alisema, akashindwa kumtazama Aikande machoni.

Ijumaa Gervasi hakuwasha moto. Aliwauliza watoto wenyewe wanataka utaratibu gani, na akashangaa, kwa sababu ulikuwa mgumu kuliko ambao angeuweka yeye. Simu zikae kwa mwalimu mpaka vipindi viishe. Mtu asipigwe picha bila kuulizwa. Habari ya ugonjwa isitumwe kabla ya kumuuliza bwana afya. Na kila Jumapili mchana simu izimwe, watu wacheze mpira au waende ziwani. Hilo lilikuwa la Adolf, wakamzomea, kisha wakalipitisha.

Mama Kaneza alipopata nguvu alipanda basi la Nyarugusu. Kaneza alibaki kwa mjomba amalize shule, na siku moja, bila mtu kumwambia, alihama dawati akakaa na Shadia.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni kikaja kitu kingine. Ilikuwa sauti ya mwanamume asiyejitaja, ikisema kwamba dawa inayotiwa kwenye maji inawafanya wanawake wasizae. Ujiji nzima iliisikia kabla ya adhuhuri. Wanawake walimwaga ndoo zao na kurudi kuchota ziwani, maji mabichi, wakati ule ule kipindupindu kingali mtaani.

Sauti ilifika hata kwenye kundi la kidato cha tatu. Ikakwama pale. Aikande, aliyekuwa ameingizwa humo baada ya yale ya Mei, aliwasoma wakiandikiana, akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, ugali ukiungua.

"Huyu ni nani anayesema?"

"Hajataja jina."

"Ameona wapi?"

"Msitume. Narudia, msitume."

"Nani yuko karibu na Leonardi?"

Aikande hakuandika neno. Hapakuwa na haja. Mchana huo watano kati yao walimfuata bwana afya penye tangi la maji, wakamwomba ruhusa, wakamrekodi akitia dawa, akikoroga, akimimina kwenye kikombe na kunywa. Shadia alieleza kwa Kiswahili. Pastory alianza na salamu ya kwao, "Mwakeye", akaendelea kwa Kiha. Kaneza akaeleza kwa Kirundi, kisha akanywa naye, taratibu, mpaka kikombe kikawa kitupu. Waliitazama mara mbili kabla ya kuituma. Siku chache baadaye foleni ya ndoo ilikuwa imerudi penye tangi, na kinamama wa foleni walikuwa wakimwiga Pastory na Kiha chake cha haraka.

Gervasi aliitisha mkutano wa wazazi. Alimtaka Aikande azungumze. Aikande akamsimamisha Shadia. Msichana alieleza yote tangu mwanzo, hakuruka kosa lake. Alipomaliza, mzee mmoja wa Ujiji aliinua mkono.

"Binti, umesema vizuri. Sasa mimi nimnyang'anye mwanangu simu au nimwachie?"

"Shikamoo mzee. Naomba nikuulize kwanza, wewe mwenyewe ile sauti ya maji ulimtumia nani?"

Watu walipasuka vicheko. Mzee alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka kuliko wote. "Watu wengi," alikiri.

"Basi kaeni naye, mzee. Ulizeni pamoja kabla hamjatuma."

Makofi yalipigwa mpaka mabati yakaitika. Mwanamke aliyekaa nyuma alimgusa mwenzake bega. "Ni mtoto wa nani yule?"

Mwalimu Gervasi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimsifu mwanafunzi, alisimama kutoka kwenye kiti chake, akakaza tai.

"Wa shule yangu," alisema kwa sauti iliyofika nje. "Huyo, na wale, na yule Mrundi pale. Wote wa shule yangu."

Aikande alimwachia sifa hiyo. Alikaa pale mwisho wa benchi akipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.