Kompyuta Mbili na Dada Mmoja

Bibi Jeom-rye alikuwa hajamaliza kuvua viatu mlangoni mwa ukumbi wa wazee aliposikia sauti ya Pil-nam.

"Ewe Jeom-rye, hebu sogea huku!"

Jeom-rye. Kavu hivyo, bila "dada" ya kumheshimu aliyekuzidi umri. Tangu Pil-nam ahamie kijijini kutoka mji wa Daegu, ilikuwa dada karibu uketi, dada onja kimchi yangu ya kabichi. Na pale ukumbini, neno hilo ndilo linalokupa sehemu ya sakafu iliyopashwa joto, bakuli la kwanza, na ruhusa ya kumkatiza mtu maneno.

"Kwani kafa nani," akauliza Jeom-rye, "hata adabu ikazikwa naye?"

"Hajafa mtu. Nimetazama umri wangu kwenye kompyuta ya jikoni: themanini. Wako nimeutazama kwenye hii ya chumba kikubwa: sabini na tisa. Basi, mdogo wangu, niletee mto niegemee."

Waliokuwa wakicheza karata za maua wakaziweka chini. Mchezo mtamu zaidi ulikuwa umeanza.

"Mdogo wako nani? Mimi wa mwezi wa pili, wewe wa mwezi wa kumi na mbili, mwaka uleule! Nilishaota meno, wewe bado umo tumboni unapiga mateke."

"Usigombane na mimi. Gombana na kompyuta."

Jeom-rye akaenda jikoni, akatafuta jina lake. Themanini. Akarudi chumba kikubwa. Sabini na tisa. Akaenda tena, mbio mbio, kama anayetaka kumfuma mwizi. Themanini!

"Kitendawili," akatangaza. "Nikiingia jikoni nazeeka, nikitoka nakuwa kijana."

"Mkaza mwana jikoni kwa mama mkwe!" wakajibu wawili kwa pamoja, na wote wakaangua kicheko.

Akaitwa Bwana Pyo, katibu wa ukumbi, mstaafu wa posta. Akajikuna shingo.

"Kanzidata ni moja, mabibi. Majina na tarehe zenu za kuzaliwa zimekaa mahali pamoja, kompyuta zote mbili zinasoma hapohapo. Ila programu ni matoleo mawili. La jikoni ni la zamani, linahesabu kama mama zetu: mtoto anazaliwa na mwaka mmoja, na mwaka mpya ukiingia sote tunaongeza mmoja. Hili la huku ni jipya, linafuata sheria ya sasa: huongezi mwaka mpaka siku yako ya kuzaliwa ifike."

"Yaani umeweka mama wakwe wawili kwenye chungu kimoja," akasema Jeom-rye, "halafu unashangaa supu kuzidi chumvi."

"Leo hii nitazipa toleo moja. Nikirudisha la zamani, nyote wawili themanini. Rika moja."

"Rika moja!" Pil-nam akapiga makofi. "Nitamwita Jeom-rye mpaka achoke."

"Nikiweka jipya kote, Bibi Jeom-rye sabini na tisa, Bibi Pil-nam, ambaye mwezi wake bado haujafika, sabini na nane."

"Weka jipya!"

"Lakini kumbuka kanuni yetu, bibi. Aliyefika themanini haoshi vyombo. Kwa toleo jipya unarudi kwenye sinki."

Jeom-rye akautazama mlango wa jikoni. Akayafikiria magoti yake. Akayafikiria masufuria ya supu ya mwani, na mafuta yanavyoganda wakati wa baridi.

Pil-nam akalainisha sauti. "Tuwe rika moja tu, mwenzangu. Tukae kwenye joto, tunyooshe miguu, waoshe wengine."

Mwenzangu! Neno hilo lilimchoma Jeom-rye kuliko magoti yote.

"Bwana Pyo," akasema, "weka jipya."

Baada ya chakula walisimama kwenye sinki bega kwa bega, na glavu zao za mpira za rangi ya waridi, Pil-nam kavuta mdomo.

"Bakuli hilo halijatakata," akasema Jeom-rye.

"Limetakata."

"Limetakata, nani?"

Pil-nam akalisugua, akalisuuza, akalitazama kwenye mwanga.

"Limetakata, dada."

"Sema kwa nguvu kidogo. Maji yanapiga kelele."