Ukingo wa Mkeka

Ukanda mweusi wa mpira ulikuwa umefungwa kwenye nguzo ya baraza, na Akanisi ameushika kwa mkono wa kulia, mkono wa lile bega lililochomoka kwenye mechi ya mjini Nadi. Kocha Mere alikuwa njiani kutoka mji wa Sigatoka, anakuja kulipima. Akiridhika, Akanisi angepanda ndege Jumatatu na timu ya raga ya wanawake. Asiporidhika, angebaki.

"Vuta, wifi," alisema Salote. "Au bega limekwenda kanisani?"

Salote alikuwa binti wa shangazi yake, na kwao mabinti wa namna hiyo ni mawifi. Hutaniana tangu asubuhi na hakuna anayenuna.

Akanisi akavuta mara thelathini bila kupumzika. Ndivyo kocha alivyoagiza: visigino ukingoni mwa mkeka, mivuto thelathini kila mzunguko, mizunguko mitatu. Akifika hapo, bega lake lingeweza kumwangusha mtu anayekuja mbio. Zamani alikuwa akikwama njiani. Sasa hata jasho hakutoka.

Salote hakumpigia makofi. Alikuwa akiutazama ukanda.

"Mbona umelegea hata kabla hujavuta?"

"Wivu huo."

"Wivu wa nini, na mimi nina mabega mawili mazima? Tazama, unaning'inia kama utumbo wa mbuzi."

Akanisi akatazama chini. Mkeka ulikuwa na nyuzi nyekundu za sufu pembezoni. Ule aliopimia kocha umbali ulikuwa na nyuzi za kijani. Mjomba alipofariki, mama aliubeba ule mkubwa kwenda kuutoa msibani, kama desturi yao ilivyo, akatandika huu mdogo mahali pake. Tangu hapo Akanisi alikuwa akisimama ukingoni, karibu na nguzo kuliko zamani, akihesabu na kufurahi. Idadi ilipanda, kazi ikashuka, naye hakujua.

Gari likanguruma kwenye kona.

"Nyamaza tu," Salote alinong'ona, utani umemwisha. "Kocha huhesabu mivuto, hapimi mikeka. Simama hapo hapo, uvute, upande ndege."

Kocha Mere alivua viatu ngazini, akaketi karibu na mlango. "Haya, mwanangu. Nionyeshe."

Akanisi aliweka visigino ukingoni. Ukanda ukalegea mkononi mwake, mwepesi, unambembeleza. Akamfikiria mchezaji wa kwanza atakayemjia kwa kasi, na ule mlio wa bega, kama muhogo unaovunjwa. Akarudi nyuma. Akatoka kwenye mkeka, akakanyaga mbao tupu, akaendelea kurudi hadi ukanda ukakaza kama siku ile ya kwanza.

"Unakwenda wapi?"

"Mkeka uliopimia ulikwenda msibani, Kocha. Huu ni mfupi."

Akavuta. Salote alihesabu kwa sauti. Mzunguko wa kwanza ulikwisha, Akanisi akitweta. Wa pili ulianza vibaya. Kiwiko kilitetemeka, ukanda ukamburuta mbele.

"Kumi na tatu," Salote alisema. "Kumi na… vuta, mpumbavu wewe! Kumi na nne."

Wa kumi na tano haukuja. Akanisi aliuachia ukanda polepole, asije akajiumiza.

Kocha alinyanyuka, akalibonyeza bega kwa kidole gumba. Akanisi akauma midomo.

"Ungeweza kunidanganya."

"Ndiyo, Kocha."

"Jumatatu huendi. Ile mivuto ya mkeka mfupi ifute yote kichwani. Arobaini na minne uliyovuta leo, hiyo ndiyo yako. Tutaanzia hapo."

Akanisi akaitikia kwa kichwa.

"Ndege zenyewe zinatapisha," alisema Salote, akijifuta pua kwa kanga. "Tena ungemtapikia nahodha."

Akanisi akacheka huku machozi yakimdondoka kidevuni, akanyoosha mkono kuuchukua tena ukanda. Kocha akawahi kuufungua nguzoni.

"Leo basi," alisema.