Vichupa vya Wifi

Maabara ile ilipima mboga za sokoni, kuona kama zimebaki na dawa ya kuua wadudu. Kipimo kilitegemea kimeng'enya, protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Ukikichanganya na maji ya mboga salama, rangi ya njano inatokea. Dawa ikiwemo, kimeng'enya kinazimika na rangi haiji.

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke mkali kwa mambo ya baridi, mpaka wenzake wakambandika jina la Mama Barafu. Kichupa kikitoka kwenye friza kilikaa juu ya barafu muda wote wa kazi, na kikishayeyuka hakikugandishwa tena. "Hii ni protini, siyo soda," alizoea kusema.

Aliyetengeneza kimeng'enya chenyewe alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, mwanamke mcheshi aliyeimba kwa sauti ya chini huku akichuja. Mama Barafu ndiye aliyemleta pale na kumfundisha kazi. Nyumbani walipika pamoja na kumcheka mwanamume yule yule, mume wa mmoja na kaka wa mwingine.

Basi likaja friza jipya, zuri, lisilojenga barafu ukutani. Mama Barafu alifurahi kama mtoto. Lile kuukuu likasukumwa ukumbini, akahamisha vichupa vyote kwa mikono yake mwenyewe.

Baada ya wiki kadhaa, njano ikagoma. Wakajaribu maji safi matupu, yasiyopitiwa na mboga yoyote. Hakuna kitu. Kimeng'enya kilikuwa kimekufa, na kazi ya miezi imekwenda na maji.

"Vichupa uliviacha mezani," Mama Barafu alimwambia wifi yake, mbele ya watu wote.

"Mimi? Wifi, haki ya Mungu sijaviacha."

"Siku ile ulitoka mbio kupokea simu, mtoto anaumwa. Ulivirudisha saa ngapi?"

"Nilivirudisha kwanza, ndipo nikatoka."

"Unadhani ulivirudisha. Kazi hii inataka mtu aliyetulia. Wewe huna mkono wake."

Wifi alitazama huku na huku, labda mmoja atamtetea. Kila mtu akajitia kushughulika na lake. Akavua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaondoka. Hakurudi kazini, na nyumbani kwa kaka yake hakukanyaga tena. Mume alijaribu kuwapatanisha, akaambulia lawama za pande zote mbili.

Mtaalamu mwingine akatengeneza kimeng'enya kipya. Nacho kikafa vilevile, na huyu hakuwa na mtoto mgonjwa wala simu ya kupokea. Mama Barafu alipofungua friza mchana mmoja, aliona matone yanametameta ukutani, na barafu ndani ya kichupa alichokishika ilikuwa imelainika pembeni. Akaweka kipimajoto katikati ya vichupa, akakichungulia mara kwa mara. Joto lilipanda, likashuka, likapanda tena. Friza lile lilikuwa linajipasha lenyewe ili liyeyushe barafu yake, na kila lilipofanya hivyo, kimeng'enya kiliyeyuka kidogo kisha kikaganda upya.

Akawaita wote na kuwaambia wazi: kosa lilikuwa lake, si la wifi. Friza kuukuu likarudishwa ndani.

Wifi alikuwa sasa anauza miwani kwenye duka moja. Mama Barafu alimkuta akimkazia mzee mmoja skrubu za fremu. Akangoja mpaka mzee atoke, ndipo akaeleza yote bila kujificha.

"Nisamehe, wifi. Nilikudhalilisha bure."

Wifi alifuta kioo cha kaunta, ingawa kilikuwa safi.

"Nimekusamehe. Ila unajua kilichoniuma? Mwishowe nilikuamini. Nilijilaza nikiikumbuka siku ile, nikajiona kabisa vichupa nimeviacha mezani. Sikuviacha, lakini nilijiona. Mpaka leo nikifunga mlango, narudi kuusukuma."



"Rudi kazini," Mama Barafu alisema. "Nafasi yako ipo."

"Hapana, wifi. Hapa nimetulia."

Mteja mwingine akaingia, mama mwenye miwani iliyovunjika mguu. Wifi akamkaribisha kwa tabasamu lake la zamani. Mama Barafu alikuwa bado amesimama kando ya mlango, mkoba mkononi, akimsikiliza wifi akimtania yule mama, mpaka akaona anaziba njia. Akaaga kwa sauti ndogo, akatoka.