Zamu ya Irine

Nyumbani kwa Sylvanus, kule Kimandolu, hakuna aliyegusa chakula cha jioni kabla ya neno na sala. Sala ilikwenda kwa zamu: baba, mama, Irine, kisha Arnold. Irine alikuwa na visa vyake. "Bwana, msamehe Arnold, ameshadokoa nyama jikoni," aliomba siku moja kwa sauti nzito ya kichungaji, na baba yake akashindwa kuitikia amina kwa kicheko.

Homa ya uti wa mgongo ilimchukua Irine ghafla. Walimzika Machame, kwenye kihamba, shamba la ukoo la babu yake, wakarudi Arusha watatu.

Tangu hapo mama yake, Aika, hakufungua mdomo kuomba. Zamu yake ikifika, Sylvanus aliomba badala yake bila kuuliza. Aika alikaa macho wazi, akitazama ukuta. Hospitalini alikuwa ameomba mpaka magoti yakafa ganzi, na aliyeombwa alikuwa amenyamaza.

Jumatano moja Sylvanus alimaliza kumwombea mkewe zamu yake, akafunga Biblia, akatangaza kama alivyozoea miaka yote:

"Haya, kesho Irine."

Arnold akasukuma sahani. "Baba, jamani."

"Ulimi umeteleza, mwanangu."

"Basi tuziache hizi zamu. Kila mtu aombe chumbani kwake."

Sylvanus akainamisha paji la uso juu ya jalada la Biblia. Aika alimtazama, na ndipo alipotambua kwamba sala ya nyumba hii ilikuwa imebebwa na mtu mmoja, naye amechoka. Ikiachwa leo, hairudi tena.

"Zamu ya Irine naichukua mimi," akasema.

"Kesho?" Sylvanus akauliza.

"Sasa hivi. Kesho sitaweza."

Akafumba macho. Maneno aliyoyajua tangu kipaimara hayakuja.

"Mungu," akasema, "nimekukasirikia. Ulinipa mwenyewe, ukamchukua mwenyewe, na mimi nilikuwa pale nakuomba. Leo sina shukrani. Usinidai. Ila usituache hapa mezani peke yetu."

Akakwama hapo. Alitafuta neno la kumalizia, hakuliona. Sylvanus alikuwa ameinama, mabega yakimtikisika, hakuweza kumsaidia mkewe.

Amina ilichelewa sana. Ilipokuja, ilitoka kwa Arnold, kwa sauti ya mtu anayelia.