Misumari ya Shavu la Kulia

Uvimbe ulioota ndani ya shavu langu la kulia ulikuwa mkubwa kama ngumi ya mtoto. Mke wangu, anayesoma nyuma ya bega langu, anasema ulikuwa kama harage. Haya, harage. Lakini ukiugusa kwa ulimi, nakuapia, ni ngumi.

Daktari bingwa wa kinywa, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, aliubonyeza, akanihoji. Sigara? Sivuti. Tumbaku ya kutafuna? Hapana. Pombe? Nikamwambia nilionja mara moja, nikaamka nina wajukuu. Hakucheka.

"Kuna kitu kingine unachoweka mdomoni, baba?"

"Chakula na uongo."

Akanichoma ganzi, akakata kipande, kikaenda maabara.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi la korido. Mke wangu, ambaye hanyamazi hata usingizini, alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Mlango wa daktari ukafunguka, akatoka mwanamume aliyeziba mdomo kwa kitambaa, mkewe analia. Mlango ukafungwa.

"Akilikata shavu lote," nikasema, "chai itakuwa inamwagikia dirishani."

"Nyamaza, baba watoto."

Nikanyamaza. Mikono ndiyo iliyokataa. Benchi lilikuwa limepasuka, sponji inachungulia nje, na mimi ni fundi makochi, nimevalisha hadi ya mfalme mmoja asiye na nchi. Nimestaafu, ila nyundo yangu ndogo hukaa kwenye koti kama miwani ya watu wengine. Nikapiga magoti, nikavuta ngozi ya benchi, nikatoa misumari midogo kwenye mfuko huohuo wa koti, nikaitupia mdomoni, nikawa naisukuma nje kwa ulimi, mmoja mmoja, naigonga.

Mlango ukafunguka tena. Viatu vya daktari vikasimama karibu na pua yangu.

"Baba, usimeze mate. Usiongee. Fungua mdomo hivyohivyo."

Akawasha tochi. Akatazama mpaka magoti yakaniuma.

"Imelala juu ya uvimbe wenyewe," akasema taratibu. "Siku zote huiweka hapo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tema."

Nikatema kwenye kibakuli chake cha chuma.

"Nilikuuliza kama kuna kitu unaweka mdomoni."

"Misumari si kitu, daktari. Ni kazi."

Tulipoingia ndani hakuketi. "Si saratani." Mke wangu akanikamata mkono. "Subiri, mama. Chembe zimeanza kubadilika, na sikujua kinachozichokoza. Nilipanga kukata sehemu pana ya shavu, niizibe kwa ngozi ya paja."

Nikalifunika paja langu kwa mikono yote miwili.

"Sasa nitautoa uvimbe na ukingo mdogo kuuzunguka, upimwe wote. Kisha utakuwa unakuja nikuangalie. Lakini ukirudisha msumari humo, tunarudi kwenye paja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na benchi? Nimeliacha nusu."

Daktari akamgeukia mke wangu, akampa kile kibakuli. "Mama atakushikia."

Tukalimalizia hivyo, mimi nimepiga magoti, yeye kainama, akinipa misumari mmoja mmoja kutoka kwenye kibakuli. Nikamwambia benchi hili litaishi kuliko hospitali yenyewe.

"Gonga msumari," akasema. "Shavu likipona utasema."